Chumba cha Kambale

Mama Esperance tulimzika katika mji wa Kiwanja, siku ya Alhamisi. Mimi nilifika nimechelewa, sketi imejaa vumbi la pikipiki. Denise, binti yake, ndiye aliyenipigia simu. Alisema tu, "Mama ametutoka," kisha akaanza kulia, nami nikabaki na simu sikioni nikitazama daftari za wanafunzi zilizopangwa mezani. Kwenye matanga nilikaa benchi la nyuma, chini ya turubai, kati ya wanawake wa kanisa lake ambao hawakunijua. Mzee mmoja wa familia, shemeji ya marehemu, alikuwa anapita akiandika majina ya wageni ili yasomwe kabla ya chakula. Akaniuliza nilikuwa nani kwake. Ningeweza kusema rafiki. Ningeweza kusema jirani. Sijui kwa nini nilisema kile kilichokuwa kweli zaidi: "Nilikuwa mwenye nyumba wake, Goma." Wanawake wa benchi wakasogea, wakaniachia nafasi. Yule mzee akafunga daftari lake, akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini, na kwa heshima kabisa, kama marehemu alikuwa ameacha miezi ya kulipa. "Hapana, papa," nikamwambia. "Alihama kwangu zamani. Nimekuja kulia tu." Akaitikia kwa kichwa, lakini niliona hakuniamini sana. Sahani ya wali iliponifikia ilikuwa imejazwa kuliko za wengine, kama anavyojaziwa mtu ambaye inafaa arudi kwake akiwa ametulia.

Nimefundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini kwenye avenue yetu hakuna anayenijua kama mwalimu. Nina vyumba sita vya kupangisha sasa, vitatu vya mbao na vitatu vya matofali, na ninapovuka uani na ndoo yangu mazungumzo hupungua, wanawake hukumbuka kwamba sufuria zinaungua, mtu huzima redio. Hawanichukii. Nimewauguza, wameniuguza. Lakini mwenye nyumba ni mtu ambaye anaweza kukuambia uondoke, na mtu wa namna hiyo hawezi kuketi kwenye jamvi lako ukaendelea kusema ulilokuwa unasema. Niliporudi kutoka Kiwanja nililala siku nzima. Kilichonijia si sura ya mama Esperance ndani ya sanduku. Ni ule mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na minne, nikiwa na chumba kimoja tu kitupu, na sikujua kama nikifunge au nikifungue.

Nyumba ilikuwa ya mbao, mtaa wa Katindo, juu ya mawe meusi ya volkeno ambayo hayaingii jembe. Ilikuwa na saluni, yaani sebule, ya viti vinne vyenye vitambaa nilivyovifuma mwenyewe, chumba changu kidogo kama kabati, na chumba cha Kambale, kaka yangu mkubwa, chenye mlango wake wa nje unaotazama uani. Kambale alikuwa fundi wa injini za malori. Ndiye aliyenunua zile mbao, na mimi ndiye niliyempasia misumari siku alipozipigilia. Tuliishi wawili. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule akapata kazi ya kusindikiza lori la wafanyabiashara hadi Bunia, kwa sababu injini yake ilikuwa mbovu na walihitaji fundi njiani. Asubuhi ya kuondoka alikunywa chai akiwa amesimama, akafuta mdomo kwa kiganja, akasema: "Narudi mbele ya Pasaka. Usikule kuku peke yako." Nilimwambia asinichekeshe, mimi na kuku wapi na wapi. Lori lilipiga honi barabarani, akatoka, na mlango wake wa uani aliuacha wazi kama kawaida yake, nikaufunga mimi.

Wiki za kwanza niliendelea kupika bugali ya watu wawili. Baadaye nilipunguza unga, nikapunguza tena, mpaka ikawa kiasi ambacho ni aibu kukikorogea mwiko. Ukuta wetu ulipakana na wa mama Zawadi, jirani, ambaye nyumbani kwake walikuwa watu wanane, na kati ya mbao na mbao sauti zao zilipita kama vile hakuna ukuta. Nilijua nani amemaliza sabuni. Nilijua nani hataki sombe ya majani ya muhogo na nani amekula kichwa cha samaki kisicho chake. Nikaanza kungoja. Nilikuwa natenga sahani yangu nikisikia wao wanatenga zao, nakula wakila, nanyamaza wakisali. Mzee wa nyumba alipochekesha, mara nyingine nilicheka, kisha nikaona aibu, nikatazama mlango kama vile kuna mtu aliyenisikia. Sikumwambia mtu yeyote jambo hili. Hata sasa ninapoliandika naona kama nimeiba kitu.

Jumamosi nilikwenda kona ya barabara ya kambi ya wanajeshi, ambako binti mmoja alikaa chini ya mwavuli na simu mbili, akipigisha watu kwa malipo. Nilimpa karatasi yenye namba ya Kambale. Akabonyeza, akanipa, nikasikia ile sauti ya mwanamke anayesema kwa Kifaransa kwamba namba haipatikani. Hakunitoza, maana simu haikupita. Pasaka ikaja, ikapita. Siku moja binti yule aliniona nikitokea mbali akaanza kubonyeza kabla sijafika, namba ameikariri, na nilipofika akatikisa kichwa tu, kwa upole, akaendelea na mteja mwingine. Nilisimama pale kidogo kama mtu aliyesahau alichokuja kununua. Kisha nikarudi nyumbani kufagia chumba cha Kambale.

Maana nilikuwa nakifagia. Kila Jumamosi nilitoa mashuka juani, nikakung'uta mto, nikatandika upya, nikapangusa kile kisanduku chake cha vifaa na ile picha ya lori iliyokatwa kwenye gazeti. Kwenye robine, bomba la mtaa, tukisubiri zamu ya maji, nilisikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, bila kujua niko nyuma yao: "Ule mwalimu iko anafunga chumba ya marehemu, anakitengeneza kama kanisa." Mwenzake akauliza, "Marehemu gani?" Akajibiwa, "Basi mutu anaenda Bunia, miezi mingapi, hata salamu hakuna. Unamuita nani?" Nilitoka kwenye mstari nikarudi na ndoo tupu. Siku ile nilipika kwa maji ya kunywa yaliyobaki.

Baada ya Pasaka akaja mwanajeshi. Alikuwa kijana safi, bereti imekunjwa chini ya kwapa, na mke wake mdogo alisimama kwenye lango na mzigo kichwani, kama vile mambo yamekwisha kuamuliwa. Aliomba kuona chumba. Nilishindwa kusema hapana, nikafungua. Akakipima kwa hatua, nne kwa tatu, akagonga mbao kwa ngumi.

"Mwalimu, hii chumba iko muzuri. Nani anaikaa?"

"Kaka yangu. Anarudi Jumapili."

"Jumapili hii?"

"Hii."

Akatabasamu. "Chumba bila mutu inasumbua watu, mwalimu. Kila mutu anaipita, anaiangalia." Jumapili mchana akapita tena, peke yake, akanisalimia barabarani, akanyoosha shingo kutazama uani. "Amefika?" Nikasema amechelewa kidogo. Tangu siku hiyo kila jioni niliegemeza kiti kwenye mlango wa chumba cha Kambale kwa ndani, na asubuhi nikakiondoa ili nyumba ionekane kama nyumba ya watu wasioogopa.

Mama Zawadi aliyaona yote. Alikuja akaketi kwenye kizingiti changu akichambua maharagi kwenye sinia, akaniambia bila kunitazama: "Kavira, sikia. Chumba iko wazi na wewe uko peke. Siku moja mutu ataingia bila kukuuliza. Afazali uchague wewe mwenyewe nani ataingia."

"Na yaya Kambale akirudi?"

"Akirudi atakuta nyumba iko na dada yake yuko. Anataka nini tena?"

Nikachota maharagi kwenye sinia nikachambua naye. Si kwamba sikuhitaji pesa. Mshahara wangu ulitoka kwenye michango ya wazazi, na wazazi wenyewe walikuwa wanahangaika. Lakini kichwani mwangu Kambale alikuwa mzima kwa sababu kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Nikimweka mtu pale, nitakuwa nimekubaliana na wale wa kwenye robine. Na tena, kupangisha kulikuwa kazi ya watu wazima, wenye tumbo na funguo nyingi, wanaosema "parseli yangu", wakimaanisha uwanja na nyumba zake. Mimi nilikuwa nani? Mchana mmoja nilikata ubavu wa katoni, nikaandika kwa mwandiko wa ubaoni: Chumba cha kupangisha. Niliutazama ule mwandiko mzuri, nikauficha chini ya godoro langu. Nililala juu yake wiki tatu.

Mwezi wa sita, wakati wa jua, mama Zawadi akaja na mwanamke wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye kitambaa cheupe kichwani na mikono iliyopauka kwa chumvi. Ndiye mama Esperance. Alitoka Masisi, ambako hakukukalika tena, na Goma aliuza fromaji, zile duara za jibini ya maziwa ya ng'ombe wa milima ya kwao. Nilikuwa nimeazimia kukataa. Tulisimama watatu uani.

"Mama, chumba hiki si cha kupangisha," nikasema. "Ni cha kaka yangu. Amesafiri."

"Alienda wapi?"

"Bunia. Tangu mwezi wa kwanza."

Nilingoja aseme pole, au amtazame mama Zawadi kwa lile jicho. Hakufanya hivyo. Alichungulia ndani, akaona kitanda. "Basi kitanda tukiache vile kiko," akasema. "Niko na matela yangu ya kulalia, nitatandika chini, pembeni ya mulango. Siku kaka anarudi, ninahama."

"Siku ileile?"

"Siku ileile."

Ni kile kitanda kilichonishinda. Watu wote walikuwa wananiambia nikifungue chumba. Yeye peke yake alinionyesha jinsi ya kukifungua bila kumtoa mtu. Nikasema aingie, lakini asinilipe, maana mimi sipangishi, ninamwazima tu. Akakataa kabla sijamaliza. "Hapana, mwalimu. Nikikaa bure niko mugeni, na mugeni anaomba luhusa hata ya kukohoa. Acha nilipe, nikohoe." Hatukuandika karatasi. Alipolipa mwezi wa kwanza nilitia pesa kwenye bahasha, nikaandika juu yake jina la Kambale, nikaifungia sandukuni. Miezi iliyofuata nikaongeza humo humo. Nilijiambia kwamba anayepangisha ni yeye, kutoka Bunia, na mimi ni mtunza mlango tu.

Akaanza kukohoa kweli. Alikohoa alfajiri akiamka, akakohoa akisali kwa Kinyarwanda, akakohoa akipangusa fromaji zake kwa kitambaa cha maji ya chumvi. Alikuwa anazigeuza moja moja juu ya ubao, na kila moja ilipogeuzwa ilitoa kishindo kidogo, kama mtu anayeweka kitabu mezani. Nikajikuta nazihesabu kwa masikio. Harufu ya maziwa machungu na moshi ikapenya mbao, ikaingia kwenye nguo zangu, na mwezi wa tisa shule ilipofunguliwa mtoto mmoja wa darasa langu akanusa daftari lake akauliza kama mwalimu amelifungia jibini. Darasa zima likacheka, na mimi pia nikacheka, kwa sauti, nikashangaa kusikia sauti yangu ilivyo.

Lakini msidhani kwamba upweke uliondoka. Hatukujua jinsi ya kuwa. Kama angekuwa mgeni, ningemkaribisha mezani. Kama angekuwa mpangaji, nisingejali amekula nini. Kwa kuwa hakuwa mmoja wala mwingine, kila mtu aliwasha babula yake, jiko la makaa, hatua tatu kati yetu, na tulipika tukipeana mgongo, tukiulizana tu kama makaa yameshika. Jumapili moja, baada ya misa, alikuja kwenye mlango wa saluni na sahani ya viazi vya kuchemsha, mvuke bado unatoka, na juu yake kipande cha fromaji kimelainika kikaanza kutiririka pembeni. Nikamwambia karibu, kaa. "Hapa panatosha," akasema, akaketi nje ya kizingiti. Mimi nikaketi ndani. Sahani tukaiweka juu ya ule ubao wa mlangoni, katikati yetu, tukala mpaka ikaisha. Alizungumza kidogo kuhusu Denise, ambaye alikuwa ameolewa Kiwanja, na jinsi ng'ombe wa kwao walivyokuwa na majina. Tangu Jumapili hiyo tulikula hivyo kila Jumapili, yeye nje, mimi ndani. Mvua ikinyesha alijifunika kitenge mabegani, hakuvuka.

Siku moja niliwasikia yeye na mama Zawadi wakianika nguo. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na beseni la maji ya moto niliyotaka kumwaga.

"Huyu mutoto anazungumuzaka?" mama Esperance aliuliza.

"Kwa darasa tu."

Nguo ikakamuliwa, maji yakadondoka. Kisha mama Esperance akasema: "Mimi nilipoteza mulima. Iko na jina, ninaweza kuiitia nikalia. Yeye hajuwe kama amepoteza ao hapana. Yangu ni afazali." Nilibaki pale na beseni mpaka maji yakapoa. Nilingoja waondoke ndipo nikatoka kuyamwaga.

Kambale alirudi mwezi wa kumi na moja, siku ya Jumanne. Nilipotoka shule nilimkuta ameketi kwenye kiti nje ya lango, koti jipya la ngozi, mashavu yamejaa, anacheka. "Huyu mama yako amekatala kunifungulia," akasema. "Anasema yeye anamungoja mwalimu tu, hajuwe mutu mwingine." Mama Esperance alikuwa amesimama nyuma ya lango na mikono yake ya chumvi, ananitazama usoni aone kama ni kweli. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nilishika mkono wa koti la Kambale kwa vidole viwili, kama mtu anayekagua kitambaa sokoni, na sikuuachia mpaka tukafika ndani.

Nilipika sambaza, samaki wadogo wa ziwani anaowapenda, na bugali ya watu wawili. Alikula vizuri. Nilingoja aanze mwenyewe. Alipobakiza tonge la mwisho ndipo nikauliza.

"Yaya, na simu?"

"Ile simu ilipotea njiani, na namba zote."

"Malori yanatoka Bunia kila wiki. Hukupata hata dereva mmoja wa kunisalimia?"

Akageuza tonge kwenye mchuzi, hakulipeleka mdomoni. "Wiki ya kwanza niliona haya. Wiki ya pili nikaona haya juu ya ile ya kwanza. Kisha haya ikakuwa kubwa, Kavira. Nikashindwa kuipita."

"Haya ya nini?"

Akatoa picha kwenye mfuko wa koti. Mtoto wa kike, nywele zimesukwa na utepe, ameketi kwenye mapaja ya mwanamke nisiyemjua. Nikauliza mtoto ana miaka mingapi. "Tatu," akasema, akitazama sahani. Miaka mitatu. Wakati anapigilia ukuta wa saluni, mtoto huyu alikuwa amekwisha kuzaliwa. Nikakumbuka zile safari zake za wiki mbili za miaka ya nyuma, yale mashati niliyoyafua nikiyakuta na harufu ya sabuni nisiyoinunua mimi. Sikulia wala sikumtukana. Nilimwambia mtoto ni mzuri, na alikuwa mzuri.

"Mimi niko na maisha kule," akasema, sauti imefunguka kwa kuwa lililokuwa zito limekwisha kutoka. "Nyumba bakia nayo, ni yako. Ile chumba, pangisha. Mbona ulichelewa hivi? Watu wa Katindo wanatafuta chumba kila siku." Akalipeleka lile tonge mdomoni. Miezi sita nilikuwa nimelala juu ya jambo hilo, na yeye alilimaliza akitafuna.

Nilifungua sanduku nikamletea bahasha ya pango la mama Esperance. Nilitumaini ataisoma ile sehemu yenye jina lake, atacheka, ataisukuma irudi kwangu. Akaipima mkononi, akaitia mfukoni. "Aksanti, dada. Itasaidia kwa njia." Sisemi hili kwa kumshitaki. Alikuwa na safari ndefu na mtoto wa kulisha, na bahasha ilikuwa yake, mimi mwenyewe niliiandika hivyo. Lakini nimeshuhudia mambo makubwa zaidi katika mji huu, na bado mkono ule ukiingia mfukoni nauona waziwazi kuliko yote hayo.

Alilala saluni. Tulikitoa kitanda chake tukakiingiza huko, tukasukuma viti ukutani, na siku tatu alikaa kwetu kama wanavyokaa wajomba, akisifia chakula na kuuliza habari za watu. Ijumaa asubuhi nilimsindikiza hadi kwenye kituo cha malori. Alinikumbatia, akapanda, akanipungia mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikarudi kwa miguu. Watu walikuwa wanafungua maduka, mama mmoja aliniuliza kama nataka nyanya, nikanunua nyanya.

Uani nilimkuta mama Esperance ameketi juu ya matela yake iliyokunjwa na kufungwa kwa kamba. Pembeni yake beseni, masufuria mawili ndani ya gunia, na fromaji zake zimefunikwa kitambaa. Mlango wa chumba ulikuwa wazi na sakafu imefagiwa.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Tulisema siku kaka yako anarudi, ninahama. Jumanne nilikosa mutu wa kunibebea vitu, unisamehe. Leo nimepata."

"Lakini ameondoka tena. Hatarudi."

"Tulisema arudi, mwalimu. Hatukusema abakie."

Hakunionea huruma, na hakuwa anatania. Alikuwa ameahidi, siku ikafika, amefunga mizigo. Nilitazama ule mlango wazi. Nilijaribu kujiona nikiufunga, nikifagia Jumamosi ijayo, na nikajua kwamba safari hii nitakuwa nafagia chumba tu, mbao na misumari, hakuna mtu anayekuja. Hapakuwa na jina la kulia. Kambale alikuwa mzima, ameshiba, yuko njiani kwenda kwake. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekufa, na wazo hilo liliponipita lilinitisha hata nikaiweka mikono kwenye zile nyanya kana kwamba zitaanguka.

"Mama Esperance," nikasema. "Chumba hiki ninakipangisha."

"Nani anakipangisha?"

"Mimi."

"Wewe ama kaka?"

"Mimi, Kavira. Nyumba ni yangu. Na kitanda kitarudi ndani, ulale juu yake."

Akanitazama. Nilidhani atatabasamu, labda atanishika mkono. Akasimama, akakung'uta kitenge chake, na akabadilika mbele ya macho yangu, akawa yule mwanamke anayebishana na wachuuzi wa jibini alfajiri. "Kama unapangisha, ni muzuri, tuongee," akasema, akinyoosha kidole kwenye mabati ya paa. "Manjanja ya hii nyumba inavuja, juu ya kona ya nyuma. Tangu mvua ilianza niko natega beseni. Ilikuwa chumba ya kaka yako, sikuweza kusema. Sasa ninasema. Mwenye nyumba ndiye anatengenezaka manjanja."

Ndivyo nilivyoanza. Alikaa kwangu miaka sita, mpaka Denise alipomchukua Kiwanja. Aliniuguza malaria, nikamwandikia barua zake zote. Lakini kuanzia Jumapili iliyofuata hakuja tena na sahani mlangoni, na mimi sikuthubutu kumwita. Mpangaji hali kwenye kizingiti cha mwenye nyumba. Alikuwa na chumba chake sasa, na meza yake, na haki zake, naye alizijua zote. Nilipojifariji kwamba ni heshima, nilikuwa nasema kweli.

Fundi alikuja Jumamosi na bati moja jipya na ngazi ya kukopa. Alipanda, akang'oa lile lililooza, kisha akaniita nipande nione mwenyewe, asije akaambiwa kesho kwamba amedanganya ukubwa wa tundu. Sikuwa nimewahi kupanda juu ya paa letu. Nilipanda polepole, nikashika boriti, nikainama. Chini yangu kulikuwa na chumba nilichokifagia nusu mwaka, na sikukitambua. Kitanda kilikuwa kimehamishiwa ukuta mwingine. Fromaji zilikuwa zimepangwa kwenye ubao, tisa, nyeupe kama sahani kwenye mwanga ulioingia kupitia pale nilipokuwa. Mama Esperance alikuwa katikati, anatazama juu, mkono umekinga macho kwa ajili ya jua.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, mama."

Tulibaki tukitazamana. Kisha fundi akaniomba nisogee, akalivuta bati jipya, akalilaza juu ya tundu, na akaanza kupiga misumari.